Vumbi la Ghalani

Tangu Zsófi aolewe na mdogo wa mume wangu, mama mkwe hana macho kwa mtu mwingine. Zsófi hivi, Zsófi vile. Mimi niliyemkamulia ng'ombe miaka yote nimegeuka kigoda cha kukalia. Basi magoti yalipomshinda na ikabidi amtoe Rózsi, ng'ombe wake mwenye mimba, nilijua atakakompeleka, na roho iliniuma.

"Sitaki lawama," alisema. "Kila mmoja alete nyasi kavu za kwake. Atakazozila Rózsi kwanza, huko ndiko atakakokaa na ndama wake."

Nilifurahi. Shamba langu la nyasi hutoa majani ya kufika kiunoni. La Zsófi, ng'ambo ya kijito, ni vijani vya gotini na maua maua.

"Mdogo wangu, hizo umefyeka au umenyoa?" nilimuuliza alipofungua mzigo wake.

"Ndizo nilizo nazo, dada."

Rózsi alinusa zangu, akapuliza pua, akageukia za Zsófi. Majani matatu-matatu ya klova, mikunde ya mwituni, zaatari ya mlimani, vyote vilikwenda. Hakuinua kichwa tena.

"Mama, umempa dawa ng'ombe huyu!" nilifoka.

"Dawa gani? Usione vyaelea, Borka, vimeundwa. Nyasi zako ndefu lakini tupu. Ng'ombe atajaza tumbo, maziwa hatakupa. Mwenzio kila masika hufagia vumbi la ghalani kwangu, mbegu zilizopukutika kwenye nyasi kavu, akaenda kuzimwaga kwake. Na nilikuita wewe kwanza. Ulinijibuje?"

Nilikumbuka. Nilimwambia sikuolewa nije kupewa takataka.

Zsófi aliinama tu. Upole wake huo ndio uliozidi kunichoma; bora angenicheka.

Wakamtoa Rózsi, kengele yake ikilia hadi ng'ambo ya kijito. Nikabaki kusafisha hori. Chini yake kulikuwa na mbegu zilizodondoka kutoka kwenye nyasi za Zsófi. Nikazizoa zote, nikazitia kwenye aproni. Nilipoinuka, nilimkuta mlangoni, kafuata ndoo aliyoisahau.

"Dada, kwangu kuna gunia zima. Nikuletee?"

"Sitaki cha kwako," nilimjibu.

Lakini aproni sikuikung'uta.