Namba Iliyomshinda Bwana Mifugo

Mwalimu Cresensia alipomwambia Sylvesta, bwana mifugo wa Karatu, kwamba atakubali posa siku atakapoigawa 1,111,111 bila kubakiza kitu, alidhani amemwondoa njiani kwa adabu. Kugawa kwa moja au kwa namba yenyewe ilikuwa marufuku. Aliichagua kwa ukaidi wake: ukigawa kwa mbili inabaki moja, kwa tatu moja, kwa tano moja, kwa saba, kumi na moja, hata kumi na tatu, ni moja tu inakukodolea macho. Namba ya namna hiyo, akajisemea, haigawanyiki mpaka Yesu arudi.

Lakini Karatu nani alificha kitu? Kufikia siku ya mnada kila mtu alikuwa anagawa. Kinyozi aligawa, katekista aligawa, akina mama kwenye mashine ya kusaga waligawa kwa kidole juu ya vumbi la unga. Meitamei, aliyeshuka kutoka Ngorongoro kuuza madume mawili, hata bei hakuuliza kwanza.

"Ile namba ya mwalimu bado imesimama?"

"Bado, Mzee."

"Basi hilo ndilo dume!"

Sylvesta mwenyewe aliiandika kwa chaki kwenye ukuta wa josho, akaijaribu kwa namba tasa tu, moja baada ya nyingine, na inasemekana wapo ng'ombe walioogeshwa mara mbili kwa sababu yake. Hakununa hata siku moja. Kila akimwona Cresensia alipaza sauti toka ng'ambo ya barabara: "Sabini na tisa imekataa, Mwalimu! Naenda themanini na tatu!" Cresensia akacheka. Akacheka tena akiwa peke yake darasani, na hapo akajua yamemkuta.

Hofu ikamshika. Je, kama kweli haigawanyiki? Si atakuwa amejifungia mlango kwa mdomo wake mwenyewe? Akaanza kugawa kwa siri, huku uji ukimwagikia mafiga. Siku alipoipatia aliruka hadi kiatu kikamtoka, halafu akakaa kitandani ameduwaa. Atamwambiaje mwanamume huyu bila kujiaibisha?

Jumapili Sylvesta akaja nyumbani kwao, shati limenyooshwa kwa pasi, uso umesinyaa.

"Mzee Yohani," akamwambia baba yake Cresensia, "nimekuja kuaga. Nimehamishiwa Wasso, naondoka na basi la kesho. Ile namba imenishinda."

"Umeishia wapi?" Cresensia aliuliza upesi kupita kiasi.

"Mia mbili thelathini na tatu."

"Na hapo ndipo unapoacha? Inayofuata ni ngapi?"

"Mia mbili thelathini na tisa, lakini Mwalimu, nimecho..."

"Gawa!"

Sylvesta akaokota kijiti, akachuchumaa uani, akaandika kwenye udongo mwekundu. Nne. Sita. Nne tena. Tisa. Akatazama chini ya mstari wa mwisho, akafuta jasho, akatazama tena. Hakikubaki kitu.

Yowe alilopiga liliwatawanya kuku wote. Mzee Yohani hakushughulika naye. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa akirukaruka mlangoni ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kumbe na wewe ulikuwa unagawa, mama," akasema.

"Nilishaipata tangu wiki iliyopita, Baba," Cresensia akajibu, anacheka na machozi yanamtoka. "Nilikuwa namwombea afike."