Vitambaa vya Shingoni

Saa nne na dakika ishirini na sita asubuhi, Jumatatu, Imelda Pargeter alifungua kopo la wigi lake la uwakili nje ya chumba cha mahakama, mtaa wa Strand, akakuta bibu ya mtoto, kile kitambaa cha kukinga mate na maziwa kifuani. Vile vitambaa viwili vyeupe vya shingoni, ambavyo wakili hasimami mbele ya jaji bila kuvivaa, havikuwamo. Nyumbani, bibu na vitambaa vyote vilikuwa juu ya kabati. Alfajiri alikunja na kutia koponi kisicho chenyewe.

Bibu ilinukia maziwa. Mwanawe, Wilf, alikuwa na miezi tisa, na tangu azaliwe hawakuwahi kuachana zaidi ya saa mbili. Sasa ya tatu ilikuwa inakwisha, naye yuko nyumbani Walthamstow na baba yake, akikataa chupa. Imelda aliichomeka bibu ndani ya mkono wa joho, akaingia.

Mteja wake, Marlene Tuffnell, alikuwa ameketi nyuma. Bintiye wa siku kumi na tisa alikuwa hospitalini, katika mashine ya joto. Halmashauri iliyompa Marlene chumba ilikuwa imeamua kumhamishia mji ulio kilomita mia mbili na arobaini kutoka hapo. Gari lingemfuata saa nane mchana. Imelda alikuja kuomba amri ya kulizuia.

Alisimama, akaanza. Jaji alimtazama shingoni.

"Bi Pargeter, sikusikii."

Kila wakili pale alijua maana yake: hujavaa inavyopaswa, kwa hiyo hujasema kitu. Marlene hakujua.

"Paza sauti basi, dada," alisema kutoka nyuma. "Mbona kwenye simu mdomo ulikuwepo?"

Imelda aliomba dakika mbili. Rupert Askwith, wakili wa halmashauri, alikuwa ameshatoa vitambaa vyake vya akiba.

"Uvirudishe bila kutapikiwa na mwanao," alinong'ona.

"Siahidi."

Safari hii alisikika. Karatasi ya uamuzi, alisema, ina kurasa nne, na hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mtoto. Askwith alijibu kwamba chumba kipya ni kikubwa na safi. Jaji akauliza safari ya kufika hospitalini ni ya muda gani.

"Saa tatu na dakika arobaini, Mheshimiwa, kwenda tu. Mtoto analishwa maziwa ya mama yake kila baada ya saa tatu."

Hapo maziwa ya Imelda mwenyewe yakaanza kutoka. Joho jeusi halikuonyesha. Alibana mikono kifuani, akaendelea na ukurasa wa tatu.

Saa sita kasoro dakika kumi jaji alizuia uhamisho hadi kesi isikilizwe, akamtaka Imelda aandike rasimu ya amri kabla ya chakula cha mchana. Marlene hakungoja kushukuru. Alikuwa na basi la hospitali la kuwahi.

Saa sita na dakika nne ujumbe uliingia kutoka Walthamstow: "Amemaliza chupa. Amelala." Imelda aliusoma mara mbili. Alitoa bibu mkononi mwa joho, akaiweka mezani kando ya karatasi, akaandika aya ya kwanza ya amri.