Akina Orval Wawili na Kiti Kimoja

Katika kaunti ya Sandvik, huko Minnesota, ukisimama katikati ya jengo la serikali ukaita "Tollefson", milango mitano hufunguka kwa pamoja. Mkuu wa polisi ni Tollefson. Hakimu ni Tollefson. Mweka hazina, mpima ardhi na karani anayesimamia uchaguzi, wote Tollefson, na wala si ndugu. Ukiwauliza watakwambia babu zao walishuka meli moja kutoka Norwei, na afisa wa bandarini siku hiyo alikuwa na muhuri wa jina moja tu. Wapo wanaosema hiyo si kweli, lakini hao nao ni akina Tollefson.

Mwaka mmoja watu walimchagua bwana mmoja aitwaye Pavelka awe mpima ardhi. Barua zake zikawa zinakuja kwa jina la Tollefson, mlango wa ofisi yake ukaandikwa Tollefson, na yeye akawa anasahihisha. Mwaka wa tatu akachoka. Siku mkewe alipomwita hivyo mezani, akaitika.

Kwa hiyo watu wa Sandvik huitana kwa kazi. Orval Tollefson wa hadithi hii aliitwa Orval wa Greda, kwa kuwa miaka thelathini na minne aliendesha greda ya kaunti akiondoa theluji barabarani. Husimuliwa kwamba majira fulani ya baridi theluji ilijaa mpaka greda ikapita juu ya paa la kanisa, na Orval akashtuka pale tu msalaba ulipomtoboa tairi. Mwenyewe hakuwahi kukanusha. Alisema tu kwamba tairi lenyewe lilikuwa limekwisha.

Sasa alikuwa amestaafu, ana miaka sabini na mmoja, na kilichomnyima raha ni daraja.

Mkewe, Ardis, alikuwa amevunjika nyonga, na tangu hapo aliishi katika nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo ya mto. Kutoka shambani kwao ni maili mbili tu, ukipita Daraja la Nyquist. Kila siku saa nne asubuhi Orval alivuka na pikapu yake, wakanywa kahawa, wakacheza karata, Ardis akamwibia mchezoni, naye akajifanya haoni. Ndiyo ilikuwa ndoa yao kwa sasa, na Orval hakuwa na malalamiko.

Lakini baraza la kaunti lilikuwa limeanza kusema kwamba daraja limezeeka, heri lifungwe moja kwa moja, watu wazunguke kwa njia ya Nordby. Njia ya Nordby ni maili thelathini na moja. Kwa mzee mwenye macho hafifu kama ya Orval, kwenye barafu ya Januari, hiyo ni sawa na kuambiwa usiende. Makamishna wa baraza ni watano. Wawili walitaka daraja litengenezwe, wawili walitaka lifungwe, na wa tano, kamishna wa upande wa kina Orval, alikwisha kutamka kwamba mwezi Januari atapiga kura lifungwe.

Kamishna huyo aliitwa Orval Tollefson.

Huyu ni Orval wa Mbegu, muuza mbegu za mahindi, mtu mpole mwenye kofia ya kijani, aliyekikalia kiti hicho miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kumchukia. Hakuna pia aliyewahi kumpinga, maana kule kumpinga mtu huonekana kama kumwambia mkewe hajui kupika.

Orval wa Greda alikaa wiki nzima akiwaza, kisha akapiga moyo konde, akaenda kwa karani, Marlys Tollefson, kuchukua fomu.

"Unagombea nini, Orval?" Marlys akauliza.

"Kiti cha Orval."

Marlys akavua miwani. "Mzee mwenzangu, umefikiria karatasi ya kura itakavyosomeka?"

Hakuwa amefikiria. Ikabidi Marlys amfungulie kitabu cha sheria. Wagombea wakifanana majina, kila mmoja huruhusiwa kuongeza maneno yasiyozidi matatu, ya kazi yake au ya mahali anapokaa, ili wapiga kura wasichanganyikiwe. Yule mwingine, alipopigiwa simu, hakuchelewa. Alichagua "Kamishna wa Sasa". Orval wa Greda alikaa nusu saa na kalamu mkononi. Kujisifu kule Sandvik ni aibu inayokaribia wizi, na kila neno aliloliwaza lilikuwa na harufu ya majivuno. Mwisho akaandika "Dereva Mstaafu wa Greda".

"Manne hayo," Marlys akasema.

Akafuta "Mstaafu".

"Sasa unadanganya. Huendeshi tena."

Akalirudisha, akafuta "Dereva". Marlys akasoma, akakuna kichwa. "Mstaafu wa Greda. Hii inasomeka kana kwamba greda ndiyo iliyostaafu."

"Nayo imestaafu," Orval akasema, na ikabaki hivyo.

Kampeni yake, kama mtu ataiita kampeni, ilikuwa hivi: kwenye chakula cha jioni cha kanisa lao, upande ule ule wa mto uliko shamba, katika chumba cha chini, alisimama karibu na birika la kahawa akawa anamwambia kila anayekuja kwamba majira ya baridi yanakaribia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Walijua Ardis yuko wapi, na daraja liko wapi. Ardis mwenyewe alimwagiza jambo moja tu, kwamba safari hii ajipigie kura, asije akampa mwenzake kwa heshima. Orval alitii. Waliomwona akitoka kwenye kibanda cha kura wanasema masikio yake yalikuwa mekundu kiasi cha kuyeyusha theluji kwenye kofia.

Kura zikahesabiwa. Kamishna wa Sasa, mia sita na kumi na moja. Mstaafu wa Greda, mia sita na kumi na moja. Marlys akahesabu upya, akawaita mashahidi wakahesabu nao, jibu likawa lile lile. Iliharibika karatasi moja tu: mtu alikuwa ameweka alama kwa wote wawili, na pembeni akaandika, "Sipendi kumuudhi mtu."

Wagombea wakitoka sare, sheria ya kule inataka mshindi apatikane kwa bahati, mbele ya watu. Basi Jumanne saa nne asubuhi watu kama arobaini wakajaa kwenye ukumbi wa baraza, wamevaa makoti, mikononi vikombe vya kahawa. Marlys alikuwa ameandika vikaratasi viwili, akavikunja, akavitia ndani ya kofia ya mkuu wa polisi. Orval wa Greda alikaa mstari wa mbele. Saa hiyo Ardis alikuwa akimngoja na karata zake. Akili ya Orval ilikuwa huko, na kwenye Januari zote zitakazokuja.

Hakimu Tollefson akaingiza mkono kwenye kofia, akatoa kikaratasi, akakikunjua.

"Orval Tollefson," akasoma.

Watu wakasubiri. Hakimu akageuza kikaratasi upande wa pili. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Akatoa na kile kingine, akakisoma kimya, kisha akamwonyesha Marlys. Nacho kilisema "Orval Tollefson", na basi. Marlys alikuwa ameandika jina la Tollefson kwa miaka thelathini bila kuhitaji kuongeza neno, na mkono wake haukukumbuka kwamba safari hii lilihitajika.

Mahali pengine watu wangecheka, au wangegombana. Pale ukumbini watu walitazama kahawa zao, ili Marlys asione kwamba wameona. Marlys, uso umemwiva, akasema ataandika upya na maneno yote matatu, dakika moja tu.

Hapo Orval wa Mbegu akasimama, kofia mkononi. Ustaarabu ulimtaka aseme neno, naye akasema. "Hakuna haja ya kumsumbua Marlys. Orval, ndugu yangu, kichukue wewe kiti."

Sasa, ni lazima ieleweke wanavyokaribishana wale watu. Ukikaribishwa kahawa Sandvik, unakataa. Unakaribishwa tena, unakataa tena. Mara ya tatu ndipo unasema, haya basi, nusu kikombe, na unamaliza birika. Wanakumbuka mgeni mmoja aliyezirai kwa kiu kwa sababu mwenye nyumba aliitwa kwenye simu kati ya mara ya pili na ya tatu. Kwa hiyo kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba Orval wa Mbegu amefungua tu mlango wa maneno. Mwenzake atajibu la hasha, baki nacho wewe, watashukuriana, Marlys ataandika vikaratasi vyake, na kofia itaamua. Hakimu alikwisha kukaa chini.

Orval wa Greda naye alijua. Neno la kukataa lilikuwa limeshamfika mdomoni, lenyewe, kama lilivyomfika maisha yake yote. Akalimeza.

"Ahsante sana," akasema. "Nakichukua."

Kijiko kilichokuwa kikikoroga mahali fulani nyuma kikanyamaza.

Marlys akainama karibu yake, akamnong'oneza kama mtu anayemwambia mwenzake vifungo vyake viko wazi. "Orval, amekukaribisha mara moja tu."

"Nimesikia, Marlys."

"Hiyo ilikuwa ya kwanza."

"Nimehesabu."

Orval wa Mbegu alikuwa bado amesimama, mdomo umeachama kidogo. Angeweza kusema alikuwa anatania. Sheria isingemlaumu. Lakini kutoa kitu mbele ya Walutheri arobaini kisha kukirudisha mfukoni ni jambo ambalo hata wajukuu zake wangesimuliwa. Akamtazama mwenzake, bila hasira, zaidi kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Ni lile daraja, sivyo?"

"Ni Ardis," akasema Orval wa Greda.

Orval wa Mbegu aliimba kwaya na Ardis miaka kumi na saba, yeye besi, Ardis alto. Akaikunjakunja kofia yake ya kijani. Kisha akamgeukia karani. "Marlys, lete hiyo fomu ya kujitoa," akasema, "kabla sijaanza kufikiri."

Akatia sahihi akiwa amesimama. Watu wakapiga makofi, lakini kwa kiasi, kila mmoja akichunga asije akasikika amepiga zaidi kwa Orval mmoja kuliko kwa mwingine. Kisha wakarudi kwenye kahawa, na kwa wiki tatu hawakuzungumza jambo jingine.

Orval wa Greda alifika kwa Ardis amechelewa dakika arobaini. Alikuwa amevuka taratibu, akisikiliza mbao za daraja zikigonga chini ya magurudumu, moja baada ya nyingine. Ardis alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini, karata zimeshachanganywa.

"Orval Tollefson ameshinda," akamwambia akivua koti.

"Yupi?"

"Mimi."

Akamsimulia yote. Kwenye vile vikaratasi Ardis alicheka hadi akashika nyonga. Lakini aliposikia mumewe amekubali alipokaribishwa mara ya kwanza, mbele za watu, kicheko kilikatika, akaziba uso kwa karata.

"Mara ya kwanza, Orval? Mbele ya hakimu?"

"Mbele ya hakimu."

"Mungu wangu. Na Jumapili mimi nitaingiaje kanisani?"

"Kwa kupita darajani," akasema Orval.

Ardis akamtazama juu ya karata, bado ameona haya kwa niaba ya akina Tollefson wote, wa Orval huyu na wa Orval yule. Kisha akagawa, saba kwake na sita kwa mumewe, akamwambia aanze.