Kina cha Sahani Nyeupe

"Imepotea," mjomba alisema, akaibana kamba kwa vidole viwili. "Mita mbili na nusu. Andika."

Kalamu yangu haikusogea. Mimi sahani nilikuwa bado naiona, nyeupe pee, chini ya boti.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya pale kituo cha utafiti wa ziwa kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumatatu mchana aliteremsha sahani ziwani kwa kamba yenye alama. Inapopotea machoni, hapo ndipo kipimo cha uangavu wa maji. Wasomi wa chuo kikuu walikuja wakaondoka, daftari likabaki na mwandiko wake. Nalo daftari lilisema ziwa linachafuka: mita nne, tatu na nusu, tatu. Miaka mitatu tulipekua tope la kila mto unaoingia ziwani, tukitafuta mchawi. Hakuna msomi hata mmoja aliyeinama kuiangalia sahani pamoja naye; mimi mwenyewe siku ile ndiyo kwanza alinichukua botini nimwandikie. Mjomba alikonda, kama mtu anayeuguza mzazi.

Yeye ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniombea kazi pale kituoni. Nikisema, namvunjia heshima na kazi. Nikinyamaza, naandika uongo. Niliogopa, sifichi.

"Mbona huandiki, mama?"

"Mjomba, shusha kidogo."

Akashusha. Nikamwambia tena, na tena. Alama ya mita nne ilikuwa imeshazama niliposema, "Sasa ndiyo imepotea."

Nilidhani atafoka, maana ulimi alikuwa nao. Profesa mwenyewe aliwahi kuambiwa anapanda boti kama gunia la viazi. Lakini alinigeuzia tu yale macho yenye utando, ambao sote tuliuona tukauita uzee.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba."

"Kumbe ziwa ni zima," alisema, na machozi yakamtoka. "Nami nilidhani linanifia mikononi."

Akalichukua daftari, akaliinamia hadi pua ikakaribia karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: MIAKA MITATU HII MSIIHESABU. YALIYOCHAFUKA NI MACHO YA MPIMAJI. Akatia sahihi.

Macho yalitibiwa, ila kwa kuchelewa. Sasa kamba ninashika mimi, na sipimi bila mtu wa pili. Kila Jumatatu mjomba hukaa gatini akisikiliza injini ikirudi.

"Ngapi?"

"Nne na robo."

"Halijambo," husema, kisha hunyoosha mkono nimshike twende nyumbani.