Jasusi wa Chumba cha Vitambaa

Mjomba alikuwa na masikio ya serikali. Ndivyo alivyojitangaza mwenyewe, maana hakuna serikali iliyowahi kumtuma popote. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi kweli, mkasi wake haukuyumba. Lakini ukimchokoza kwenye habari za redio, ungekaa kwenye benchi lake mpaka kitambaa chako kipitwe na wakati. Redio yake kubwa ilikaa juu ya kabati la vifungo. Kila alasiri aliipekua kutoka mwanzo wa mawimbi hadi mwisho, akitafuta zile stesheni zisizo na salamu, muziki wala matangazo, ila sauti moja tu inayosoma namba. Hao ni majasusi, alisema, wanatumiana siri, na mtu mwenye kichwa anaweza kuzifumbua. Mwenye kichwa mnajua ni nani. Shida ilikuwa ndogo tu: miaka yote hiyo hajawahi kuipata hata moja. Alidai aliisikia kwa mbali siku fulani, na siku hiyo, kwa bahati mbaya, dukani hakukuwa na mtu mwingine.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha vitambaa, na ndani yake, katikati ya majora, alifanyia kazi mpwa wake. Nyumbani walimwita Fyuzi, kwa sababu utotoni kila alichogusa kilizima nyumba nzima. Siku hizi mambo yalikuwa yamegeuka. Alikuwa amemaliza sekondari, amejifunza kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, na watu wa mtaani walimletea redio, feni na pasi zao zilizokata tamaa. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Binti huyo hakuwa na mahali pengine pa kufanyia kazi, wala hakupataka.

Basi siku moja, katikati ya chai, mjomba akatangaza kwamba mwisho wa mwezi chumba kitapangishwa kwa kijana wa fotokopi. Fyuzi akabembeleza, haikusaidia. Akanuna, mjomba akamshukuru kwa kumwachia utulivu. Alipouliza kwani kazi yake ina ubaya gani, mjomba alivuta tepu shingoni kama mwanasheria anayeweka joho sawa, akasema kuchezea nyaya si kazi.

"Siku utakayotengeneza kitu, nikae nikisikilize mpaka mwisho bila kuinuka, chumba chako. Nasema mbele ya bibi yako."

Bibi, aliyekuwa pembeni akifumua nyuzi za suruali, ndiye mama mzazi wa mjomba na ndiye aliyelianzisha duka. Kwa Fyuzi alikuwa mtani wake mkubwa. Wao wawili waliitana mke mwenza. Mjomba alipotoka kumhudumia mteja, bibi alisogeza kigoda.

"Mke mwenzangu, huyu mtoto namjua tangu yuko tumboni. Anataka namba. Mpe namba."

Kirusha mawimbi hakikumtoa Fyuzi jasho sana. Alikipachika juu ya ubao wa kukatia mboga, kwa viungo vya redio zilizokufa, akakifanya dhaifu makusudi: kifike dukani, kwa kinyozi wa jirani na kwenye duka la dawa la pale kona, basi. Antena ndiyo iliyompa raha. Alipitisha waya dirishani na kuufunga kwenye waya wa kuanikia nguo uani, na hapo hakuna mwenye akili timamu ambaye angeutilia shaka.

Sauti ilikuwa ya bibi. Mtu angedhani mjomba ataitambua sauti ya mama yake, lakini bibi aliingiza uso wote ndani ya sufuria, na humo ilitoka sauti ya mwanamume mnene aliyetumbukia kisimani. Kilichowagombanisha ni namba zenyewe. Fyuzi alitaka za kubahatisha. Bibi akakataa katakata, kwamba maisha yake yote hajawahi kutaja namba isiyo na mwili wa mtu. Yeye husoma vipimo: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, kwa mpangilio huo, na baada ya kila kimoja kimya kidogo ili mkataji aandike. Tena akachagua vipimo alivyovijua kwa moyo kuliko vyote, vya mwanawe. Fyuzi alicheka mpaka akakaa chini. Wakarekodi kwenye simu, wakatanguliza mlio wa kijiko kikigonga glasi, simu wakaiweka mbele ya kipaza sauti cha kirusha mawimbi.

Kesho yake alasiri, mkasi wa mjomba ulisimama katikati ya mguu wa suruali ya mtu.

"Arobaini na saba," ilisema redio. "Mia moja na kumi na mbili. Mia moja na nane."

Fundi aliyepima nusu ya mtaa, tepu ikiwa imemning'inia shingoni, alisikia mwili wake mwenyewe ukisomwa hewani na asiutambue. Arobaini na saba ikawa namba ya meli. Mia moja na kumi na mbili ikawa upande inakoelekea. Siku ambazo mke wake alifua, nguo mbichi zikaulemea waya na sauti ikafifia, mjomba alisema majasusi wameingiwa na hofu, wamejificha. Akashangaa wanavyopenda kujificha Jumanne.

Ila hakukaa. Hapo ndipo Fyuzi alipokwama. Kila ikifika kiuno mjomba aliruka kitini, akakimbia kumwita kinyozi, na waliporudi stesheni ilikuwa imefunga. Kijana wa fotokopi naye alishakuja kuangalia mashine yake itakaa wapi, akaiweka kwa mawazo palepale juu ya meza ya Fyuzi.

Mwisho mjomba akajimaliza mwenyewe. Aliwaalika watu Jumamosi, waje wasikie kwa masikio yao: kinyozi, mwuza dawa na huyo kijana wa fotokopi. Alipanga viti, akavaa koti lake la heshima, akakaa mbele kabisa, tumbo amelivuta ndani ili vifungo visimwaibishe. Hana tena wa kumkimbilia. Safari hii atakaa.

Kijiko kikagonga glasi. Wageni wakanyamaza. Halafu ikaja mikwaruzo mitupu.

Fyuzi alichungulia dirishani. Mke wa mjomba alikuwa ameanika mablanketi, yote, mabichi tepetepe. Akatoka mbio, na kwa kuwa hakukuwa na muda wa kutunga uongo, akamwambia ukweli wote kwa pumzi moja. Mke wa mjomba alimtazama.

"Yaani yule jasusi ni mama mkwe?"

"Ni yeye, anti."

Hakuuliza la pili. Aliyavuta mablanketi kwa mikono miwili, akayatupa ukutani, akaingia ndani kuona mumewe atakavyoonekana.

Fyuzi alirudi chumbani akakuta simu imezima. Chaji imekwisha. Fundi wa umeme wa mtaa mzima amesahau kuchaji simu yake. Alisimama ameishikilia, na kupitia ukutani akamsikia mjomba akiwaomba wageni radhi, kiti kikilia chini yake kama mtu anayetaka kuinuka. Bibi alimsogeza pembeni. Alichukua sufuria, akaingiza uso na kipaza sauti pamoja, akaashiria kwa kidole: washa.

"Arobaini na saba," lilianza lile jitu la kisimani. Kiti kikatulia. "Mia moja na kumi na mbili. Mia moja na nane."

Na hapo bibi, ambaye tangu aanze kushika tepu hajawahi kupima kiuno cha mwanamume bila kumwonya, akateleza.

"Usivute tumbo, baba."

Dukani wageni wakaigeukia redio. Kisha mjomba, kwa mazoea ya tangu utotoni, akaliachia. Tumbo likarudi mahali pake mbele ya wageni wote, taratibu, na kinyozi akaanza kutikisika mabega. Mke wa mjomba alisimulia baadaye kwamba alimwona mumewe anaelewa: macho yalitoka kwenye redio, yakaenda ukutani, yakarudi. Lakini hakuinuka. Midomo yake ilianza kuitangulia redio. Alisema nyonga, redio ikasema mia moja na kumi na nne. Alisema mkono, redio ikasema sitini na tatu. Alisema urefu, redio ikautaja. Ndipo glasi ikagongwa, stesheni ikafunga, naye akanyanyuka.

Fyuzi alimsikia anakuja. Mlango ukafunguliwa, mjomba akamkuta mama yake na sufuria mapajani, amekaa kama mtu anayesubiri iivishe.

"Umesikiliza mpaka mwisho, mjomba," Fyuzi alisema, kabla hajaulizwa.

Mjomba aliutazama ubao wa mboga. Aliufuata waya kwa macho mpaka dirishani, mpaka uani, na aliona ulipoishia. Jumanne zake zote zikampitia usoni.

"Kile kiuno si changu," alisema hatimaye. "Mimi ni mia moja na mbili."

Bibi aliinuka, akamvua tepu shingoni, akaizungusha. Fyuzi alitelezesha kidole kwenye swichi bila kuomba ruhusa.

"Mia moja na kumi na moja," bibi alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, na redio ya dukani ikarudia kila neno.

Kicheko kilipasuka upande wa pili kwa nguvu hata kipaza sauti kikakidaka, kikakirusha, redio ikakitema tena, kikaongezeka. Kwa kinyozi, ambako mtu alikuwa amebaki na nusu kichwa bila kunyolewa, kilisikika pia, na kwenye duka la dawa. Mjomba alijikaza, akakunja uso, kisha naye kikamtoka, kicheko cha mtu mwenye kiuno cha mia moja na kumi na moja.

Kijana wa fotokopi alichungulia mlangoni kuulizia tarehe ya kuhamia.

"Kaulize kwingine," mjomba alimwambia, huku akiinamia jora la kwanza la kitambaa na kulibeba begani kulitoa nje. "Chumba kina mwenyewe."