Hakuna Tena

"Hakuna" ndilo neno tunaloamkia huku Androy, kusini kabisa mwa Madagaska. Mvua hakuna. Maji hakuna. Dawa hakuna, na gari la kuleta dawa nalo hakuna. Kwa hiyo ujumbe wa dada yangu ulipoingia kwenye simu ya Tsivery, maneno mawili tu, "Hakuna tena", tulijua tumekwisha.

Dada alikuwa Antananarivo hospitalini, miezi saba sasa, na binti yake Soanasy, mtoto wa miaka sita mwenye saratani ya damu.

Mama yetu, Voriandro, alikaa chini palepale uani, kikombe mkononi. Ndani mlikuwa na maji ya tonga, yale maua ya rangi ya waridi yanayojiotea hata mlangoni, machungu kupita kiasi. Mama ana kisukari. Vidonge amepewa, amevifungia sandukuni! Daktari alipomweleza kwamba dawa inayoingia kwenye mshipa wa Soanasy hutolewa kwenye majani ya tonga, aliapa mbele ya mizimu: mjukuu wangu anatibiwa kwa tonga, nami nitakunywa tonga tu, mpaka apone. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Mama, kule hutolewa tone moja kwenye magunia na magunia, tena linapimwa. Wewe unapima kwa kiganja! Akawa anakonda, anashikwa na kizunguzungu, na bado anachemsha. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Nani hayupo tena?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Tsivery ni mtani wetu, wa ukoo unaoruhusiwa kututukana hata msibani. Siku hiyo alikosa tusi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Tumpigie," nikasema.

Kwetu mtandao unashikika juu ya mkokoteni wa ng'ombe tu, tena usimame ukingoni. Mama alipanda kabla yetu.

"Shuka, kikongwe, utanivunjia mkokoteni!"

"Nishike miguu, mwizi wa ng'ombe wewe!"

Tsivery akamshika. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena.

"Mama? Mmepata ujumbe?" Dada alikuwa anapiga kelele. "Wametafuta kwenye damu, wametafuta kwenye uboho wa mifupa, hakuna! Saratani hakuna tena! Zimebaki sindano za kumalizia tu!"

"Hakuna?"

"Hakuna!"

"Hakuna kabisa?"

Kisha ikaja sauti nyembamba: "Bibi, nywele zimeota. Zinawasha."

Mama alipiga kigelegele kikawashtua ng'ombe, mkokoteni ukasogea, naye akamwangukia Tsivery kifuani. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinanitoka, wala sikujali.

Kwetu mtu hasemi jambo kubwa kabla ya kuomba radhi. Mama alijifuta vumbi, akaenda mlangoni, akainama mbele ya tonga.

"Naomba radhi, mimi mdogo ninayesema mbele ya wakubwa. Miaka ishirini nakung'oa na mizizi, nakuanika, nakuuza kwa kilo kama muhogo. Sikujua nauza nini. Nisamehe."

"Anaomba radhi kwa majani!" Tsivery alilalamika. "Mimi umenivunja mbavu, hujaniomba!"

"Wewe unatibu nini?"

Halafu akabeba sufuria yake ya tonga na kuimwaga yote kwenye shina la ua.

"Mama, hayo ni maji!" nilipiga kelele. Huku hakuna anayemwaga maji, hata ya kunawia.

"Nimeapa mpaka apone. Lete sanduku."

Sijawahi kukimbia vile. Alikitoa kidonge, akakigeuza kwenye mwanga.

"Na hiki kimetoka kwenye ua gani?"

"Daktari anasema kilianzia kwenye ua moja la Ulaya, la zambarau."

"Maskini. Nalo sijaliomba radhi." Akageukia upande anaodhani ndiko Ulaya, akainamisha kichwa, akakimeza.

Tsivery akanyoosha kikombe, mkono mwingine ubavuni. "Basi nami nipe hayo maji ya tonga, kikongwe. Naumwa."

Mama aliipindua sufuria juu chini, akaigonga kitako kwa kiganja.

"Hakuna tena!"