Chupa ya Tatu ya Abundio

Abundio alileta chupa tatu za mezkali, pombe kali ya Meksiko, zikiwa zimeshafungwa. Kila moja alikuwa ameiviringishia taulo, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, kisha akaizungushia utepe wa gundi.

"Za Nicandro," alimwambia dada yake Herlinda, aliyekuwa anasafiri kwenda Chicago kumwona mdogo wao huyo. "Ziweke katikati ya sanduku, nguo huku na huku. Ila usizifungue."

Neno hilo la mwisho lilimtia Herlinda shaka. Mtu asiyejua hata kukunja shati lake, leo kafunga chupa kama anaviringisha mtoto mchanga?

"Uwanja wa ndege wataniuliza kama nimefunga mzigo mwenyewe."

"Sema ndiyo."

"Nimdanganye askari kwa ajili yako?"

"Dada, ni pombe tu! Mji wetu wote wa Matatlán unapeleka pombe kaskazini."

"Kama ni pombe tu, jasho la nini?"

Abundio akatoka akinung'unika. Siku hizi alikuwa na marafiki wapya, wasiovua miwani ya jua hata wakiwa ndani ya nyumba. Herlinda akachukua mkasi.

Chupa mbili zilikuwa salama, lakiri za kiwanda hazijaguswa. Ya tatu ilikuwa na lebo ileile, lakini kizibo kimezibwa kwa nta ya mshumaa. Akaitikisa. Mapovu madogo kama shanga yakapanda, yakakaa, yakagoma kupasuka. Hii haikutoka kiwandani; mapovu ya kiwandani hupasuka upesi. Akaibandua nta, akanusa.

Moshi, na mapera mabichi. Mezkali ya baba yao, aliyokuwa akiipika mwenyewe.

Baba alikuwa amefariki Februari. Matangani Abundio aliapa mbele za watu kwamba pombe ya mzee imekwisha, wageni wakanyweshwa ya dukani.

"Mwizi we!" Herlinda alifoka alipomwona mlangoni. "Ulisema imekwisha!"

"Ilibaki hiyo moja. Ningeitoa, ingekauka kabla ya sala. Nicandro hakuja kuzika, dada. Hana karatasi za kuishi Marekani, akitoka kule, harudi kwa watoto wake. Nikasema huyu naye apate chochote cha mzee."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetaka tuonje."

Hilo Herlinda alilijua ni kweli. Lakini bado hakumwamini sawasawa. Akamimina kidogo kikombeni.

"Kunywa wewe kwanza."

Abundio akanywa, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Ndipo Herlinda naye akaonja. Kisha akairudishia kizibo na nta na kuzifunga chupa zote mwenyewe: soksi nene, suruali za jinzi, mfuko juu ya mfuko.

Uwanja wa ndege wa Chicago, sanduku lilitokea kwenye mkanda wa mizigo likinuka pombe, watu wakageuza shingo. Herlinda hakuthubutu kulifungua pale. Njia nzima aliwaza: ni ipi iliyopasuka?

Walilifungua jikoni kwa Nicandro. Ilikuwa imevunjika moja ya kiwandani, vigae vyake vyote vimo ndani ya soksi. Herlinda akampa ile ya tatu.

"Fungua."

"Ya nani hii?"

"Nusa kwanza."

Nicandro akanusa, akaketi sakafuni na viatu vyake vya kazi, akaipakata chupa ya baba yake.